Oili Nzito ya Metro

Orest Hnatiuk alikuwa fundi wa zamani, na uzamani wenyewe hakuuonea haya hata kidogo. Pale Canora, katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan, alianza kazi enzi zile fundi alipogusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, akatia mpini sikioni, akasikiliza, kisha akakwambia gari linaumwa nini. Siku zilikuwa tamu zile, jamani! Wakulima walikuja na pikapu zimejaa vumbi la mavuno, wakakalia matairi makuukuu, wakanywa kahawa chungu na kutaniana mpaka gari lipone. Sasa wengi wao walikuwa wamezikwa, na Orest akabaki akibishana na redio.

Aliyemuuma zaidi ni Metro Sawchuk. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na kweli Orest ndiye aliyemzika, wiki moja kabla ya Pasaka. Walibishana maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kumkubalia mwenzake kosa.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Oktoba, gari dogo la Metro lilipoingia uani likisitasita, moyo ulimruka. Aliyeshuka ni Slavka, mjane wake.

"Orest, hebu niangalizie hiki kitu. Nikikanyaga mafuta, kwanza kinafikiria, ndipo kiende. Na taa ya injini haizimi."

"Umekipeleka popote?"

"Kwenye gereji moja kubwa. Wanasema kamshafti, sijui ndicho kile chuma kinachofungua valvu za injini, inachelewa kuitika. Eti wafungue injini, wabadilishe cheni inayoizungusha na mazagazaga yake yote. Kwa bei hiyo si bora ninunue gari jingine? Watoto nao wamepata sababu: mama, uza shamba, njoo mjini ukae ghorofani." Akaangalia mawingu. "Theluji ndiyo hiyo inakuja. Bila gari sitaweza kuishi kule. Na kaburi la Metro naliona kutoka dirisha la jikoni, Orest. Siondoki mimi."

"Tulia, shemeji. Hakuna atakayekuhamisha leo."

Alisema hivyo kwa kujikaza tu, maana cheni ikiwa imelegea kweli, hakuwa na la kumsaidia.

Alichomeka mashine ya kupimia. Kwenye kioo chake ilitokea mistari miwili: mmoja ulionyesha kompyuta ya injini inavyoiamuru kamshafti igeuke, wa pili inavyogeuka kweli. Ule wa pili ulijikokota nyuma.

"Imeambiwa, imesikia, inajivuta," alinung'unika. "Mvivu wewe!"

Fundi kijana angeshika spana papo hapo. Orest alijua kwamba kinachoisukuma ile kamshafti ni oili, ikipitia kwenye valvu ndogo yenye matundu membamba. Akavuta stiki ya kupimia oili, akachovya kidole, akasugua. Ilikuwa nyeusi, nzito, inavutika.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye pipa la Metro, la trekta. Nikiona imepungua naongeza. Si ndiyo aliyotumia siku zote?"

"Kwenye gari hili? Mungu wangu! Na tangu afe, kuna aliyeimwaga akatia mpya?"

"Nani aimwage? Yeye ndiye aliyekuwa akiimwaga kila mara."

Orest aliimwaga yote. Akafungua ile valvu, akaisafisha uchafu uliokuwa umeganda kwenye chujio lake, akatia oili nyepesi inayotakiwa na chujio jipya la oili. Injini ilipopata moto alikanyaga mafuta, akakodolea macho kioo. Mistari miwili ikapanda pamoja, ikashuka pamoja. Cheni ilikuwa nzima.

"Haya, shemeji, kaendeshe mwenyewe."

Slavka alizunguka mtaa mara mbili. Aliporudi, machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. "Linakimbia! Waambie watoto wangu waje waone!"

"Lakini yule mume wako!" Orest alisema, naye anacheka. "Oili ya trekta kwenye gari la kisasa! Nani alimdanganya?"

Slavka alimtazama kwa mshangao. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Mwaka tuliooana, ulipomfufulia lile lori lake bovu. Ulimwambia, 'Metro, tia oili nzito, na asikudanganye mtu.' Kila duka alilokwenda wakamwambia atie nyepesi, aliwajibu: Orest ameshasema."

Orest alivua kofia. Lile lori alilikumbuka, maneno hayo hakuyakumbuka kabisa. Kwa lori lile yalikuwa sahihi. Lakini miaka arobaini na tatu mbishi yule, aliyepinga kila kitu mpaka hali ya hewa, alilishika neno lake moja, na yeye hakuwahi kumwambia kwamba mambo yamebadilika.

"Basi kosa ni langu, Slavka. Nilikosea."

Slavka alimshika mkono wenye oili, wala hakujali koti lake.

"Laiti angekusikia! Maisha yake yote alikuwa anaisubiri siku hii."