Mluzi Kwenye Kioo cha Mkunga

Fundi vioo huyu walimwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Miaka ishirini na miwili alikuwa akibandika vioo vya mbele vya magari, na kila alipomaliza kimoja alikuwa na mtindo wake: redio anazima, madirisha anapandisha, anatoka na gari hadi barabara kuu, anakanyaga mafuta na kusikiliza. Upepo ukipenya mahali, hata kwenye kitundu cha sindano, anarudi na kukuonyesha kwa kidole. Wateja walikuwa wakizipita gereji tatu nzima kumfuata yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, akianza kuwa kiziwi atamwambia nani?

Ilianza kidogo kidogo mwaka uliopita. Zilitangulia kupotea sauti nyembamba: birika likichemka, simu ikilia chumba cha pili, ndege wa asubuhi. Akasema ni nta tu ya masikioni. Akajitia mafuta ya uvuguvugu, wapi! Nyumbani mkewe anamwita mara tatu, kimya. Anadhani amenuniwa, basi na yeye ananuna. Walikuwa wamefika mahali pa kulala wakipeana migongo, na Sikio akaona heri aonekane mnunaji kuliko aitwe kiziwi. Ukaidi wake nao! Lakini ndani alikuwa na hofu ya kweli: asiposikia, nani atampa kazi?

Basi asubuhi moja akarudi mkunga aliyewekewa kioo kipya wiki iliyotangulia. Alisema gari likifika mwendo wa themanini linaanza kupiga mluzi, na yeye anafika kazini kichwa kinamgonga. Hakuja kwa ugomvi. Sikio alishtuka, maana gari hilo alilijaribu mwenyewe, akasikia kimya kitupu, akafurahi. Kumbe kimya kile kilikuwa chake, si cha gari.

Akajikaza. Akabandika utepe wa karatasi kuzunguka kioo chote, ukafunika ule mwanya kati ya kioo na bodi, wakatoka pamoja, mkunga akiendesha. Mkunga akasema mluzi umenyamaza. Kwa hiyo kasoro ilikuwa chini ya utepe, si mlangoni wala kwenye kioo cha pembeni. Ilibaki kubandua kipande kimoja kimoja na kukimbiza gari tena; mluzi utakaporudi, hapo ndipo penye tundu.

Hiyo ni kazi ya masikio matupu. Wakabandua kipande cha chini, mkunga akatikisa kichwa, hakuna. Cha upande wa kulia, vilevile, na Sikio muda wote alikuwa akimsoma uso kwa pembe ya jicho. Walipobandua cha juu, kona ya kushoto, mkunga alikaa kimya, akimngoja fundi aseme mwenyewe. Sikio akadhani hakuna kitu.

"Hapa napo ni pazima," alisema. "Tuendelee."

Mkunga akapunguza mwendo, akaegesha gari kando ya barabara, akazima injini. Akamgeukia kabisa.

"Fundi, mluzi umepiga muda wote huo. Tangu lini husikii?"

Alitafuta uongo wa haraka, akaukosa. Mkunga akamwambia, taratibu na kwa sauti, kwamba yeye kazi yake ni kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, na wanafunzi wake humwambia kila siku wamesikia na wala hawajasikia. Huo ndio uongo anaouogopa kuliko wote. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma Sikio zaidi.

Waliporudi gereji, aliipaka maji ya sabuni kona ile, akamwomba mkunga akae ndani na kupuliza kwa mpira wa upepo, ule wa kujazia matairi. Povu likatokeza nje, mapovu madogo madogo. Alipochokonoa gundi aliona pengo, wembamba wake kama ujiti wa ufagio, pale aliposimamisha mkono kubadilisha mrija wa gundi. Akajaza upya, wakaiacha gundi ishike hadi alasiri, wakatoka tena. Mkunga akasema ni kimya. Sikio akamwamini, angefanyaje?

Wakati wa kuagana mkunga alimwambia kwamba yeye atamwambia mwenye gereji, bosi wa Sikio, kuwa kioo kimepona. Hayo mengine ya masikio ayaseme fundi mwenyewe, na asichelewe.

Jioni alimkuta mkewe akikunja nguo, amempa mgongo. Akamzunguka, akaketi mbele yake, pale anapoweza kuiona midomo. Mkewe akauliza leo kuna nini, amekumbuka kwamba ana mke?

"Mama watoto, sijakununia hata siku moja," alisema. "Sikusikii."

Mkewe akaacha kukunja. Akasema maneno mengi, haraka haraka, machozi yakimtoka, na Sikio akaambulia machache tu: tangu lini, mwaka mzima, mimi nilidhani. Akamshika mkono, akamwomba arudie yote tena, polepole.