Chesi Iliyolambwa na Mbuzi

Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2023, Land Rover iliyosajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 iliingia katika boma la Mwau, huko Matinyani, ikivutwa na trekta. Mwaka wa usajili umo katika kitabu cha gari. Siku ya kuwasili anaithibitisha Ndunge, mkewe Mwau, kwa kuwa ndiyo siku nguzo ya lango lake iling'olewa ili gari lipite.

Mwau alikuwa ametoka kustaafu ualimu. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha jiografia, na kila mwaka aliuchora Mto Tiva ubaoni kwa chaki ya buluu, ukishuka kutoka vilima vya Kitui hadi kupotelea mchangani. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza unapotelea wapi hasa, na Mwau akaelekeza rula kwenye ramani. Mwenyewe hakuwahi kufika. Gari hilo alilinunua kwa mzee Muindi wa Mutomo ili aende akaone.

Tatizo ni kwamba trekta ililiacha juu ya kiwanja ambapo Ndunge hupura ndengu. Mavuno ya kwanza alipuria kwa jirani, zikachanganyika na za wenyewe. Agosti 2024 alitoa uamuzi.

"Baba Ndila, ndengu za Januari nitapura hapa. Hilo gari litoke na miguu yake, ama litoke na lori la vyuma chakavu."

"Litatoka na miguu yake."

"Miguu gani? Si limekaa kwa mawe!"

Mwau alifanya kazi kama mtu anayesahihisha mitihani. Kila bolti ilikuwa na mkebe wake, kila mkebe na karatasi yake. Mwishoni mwa Septemba injini ilinguruma. Kilichomshinda ni chesi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima. Upande wa kushoto ulikuwa umeliwa na kutu. Kila Jumamosi aliukwangua hadi ung'ae, akaosha vumbi la chesi nzima, akaacha ukauke, akapaka rangi. Kabla wiki haijaisha rangi ilikuwa imevimba, na wekundu unachungulia chini yake. Kutu ya namna hiyo alikuwa ameiona kwenye magari ya pwani tu, na Muindi alikuwa ameapa kwamba gari hilo halijawahi kuiona bahari.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mbuzi wa Ndunge, wakirudi kutoka malishoni, walilipita birika la maji wakaenda moja kwa moja kulamba chesi. Mwau aliwafukuza jioni baada ya jioni. Kisha akaacha kuwafukuza, akaanza kuwaangalia.

Aliandika katika daftari. Siku za katikati ya wiki walilamba kushoto tu. Jumamosi, baada ya kuosha, walilamba kushoto na kulia. Jumamosi ya tatu alisubiri mbuzi waondoke, akatazama huku na huku, akapiga magoti, akalamba chuma.

"Baba Ndila!" Ndunge alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Sasa hata wewe?"

"Kuja uonje."

"Mimi nimeshakunywa chai."

"Ni chumvi, Ndunge. Ni chumvi tupu."

Alimpigia Muindi simu. Mzee alicheka. Miaka kumi na tisa gari hilo lilibeba maji ya ng'ombe kutoka kisima cha chumvi, pipa likikaa kushoto, na pipa lilikuwa likivuja. Hilo lilieleza kutu ya zamani. Ile mpya ilikuwa ya Mwau mwenyewe. Kisima cha jirani yake nacho kina chumvi, na ndiyo maji aliyoogeshea gari wiki baada ya wiki. Nyumbani kwake maji ya mvua ni ya kunywa na ya kupikia. Bomba la tangi lina kufuli, na ufunguo hukaa shingoni mwa Ndunge. Kuosha chuma kwa maji hayo lilikuwa wazo ambalo halikuwahi kumjia.

Sasa ilibidi aombe, tena Oktoba, kabla mvua haijanyesha. Ndunge aligonga tangi kutoka juu kushuka chini, akisikiliza yalipo maji.

"Unataka madebe mangapi?"

"Kumi."

"Sita. Na nitamwaga mimi. Nataka kuona mbuzi watasema nini."

Alimwaga polepole, bila kupoteza tone. Jioni mbuzi walikuja, wakanusa, wakaenda zao kwenye birika. Ndunge aliwatazama hadi wa mwisho. Tangu siku hiyo alianza kuuliza habari za gari yeye mwenyewe.

Lakini chuma kilichokwisha kuoza hakiponi kwa kuoshwa. Mbugua, mchomeleaji kutoka Nyeri aliyehamia mjini Kitui, alikuja Desemba akagonga chesi kwa nyundo.

"Mwalimu, hapa lazima bodi itoke juu yote. Uko na kreni?"

Mwau hakuwa nayo. Ndunge ndiye aliyejibu. Yeye ni wa mwethya, kundi la wanawake wanaosaidiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Zamu yake ilikuwa wiki hiyo, na ndengu zake zilingoja kupaliliwa.

"Magugu nitang'oa mwenyewe," alisema. "Waje wainue gari."

Walikuja kumi na wanane, na magogo mawili ya mkaratusi. Bodi iliinuka.

"Kwetu tungetafuta mashine," Mbugua akasema.

"Mashine inakunywa dizeli," Ndunge akamjibu. "Sisi tunakunywa uji. Shika hapo, wacha maneno."

Ndani ya chesi, mahali palipooza zaidi, Mbugua alivuta kipande cha mti mgumu chenye urefu wa mkono hadi kiwiko. Kilikuwa kimechongwa kikaenea pembe zote, na tundu la bolti limetobolewa mahali pake barabara. Chuma kilipokwisha, mti huo ndio uliokuwa umebeba gari. Mbugua aliutumia kama kipimo cha kukunjia bati jipya, akachomelea, na jioni hiyohiyo wanawake waliirudisha bodi.

Tarehe 11 Januari 2025 gari lilitoka kiwanjani kwa magurudumu yake manne. Kabla moshi haujatawanyika Ndunge alikuwa ameshika ufagio.

"Ndengu kwanza," alimwambia mumewe dirishani. "Halafu huo mto wako. Na mimi nakaa mbele."

Kipande cha mti kiko juu ya kabati la Mwau. Muindi anasema si yeye aliyekiweka, na hakujua kuwa kimo. Nani alikichonga, na lini, haijulikani.