Mtoto Aliyepungua Inchi Mbili

Mtaani walimwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa mjane, fundi cherehani mwenye kibanda cha mabati mkabala na shule ya msingi, na kwa miaka kumi na tisa sare za shule ile zilipita mikononi mwake. Mtoto akisumbua kupimwa, alimwambia, "Tulia, mwanangu, nisije nikakushonea suruali ya miguu mitatu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Zamani alimpima mvulana wa darasa la tatu, mkono umevimba hadi kiwiko. Aliuliza, akaambiwa kaanguka. Basi akaipanua mikono ya shati, akanyamaza. Muhula haujaisha, mvulana yule akazikwa, kavishwa shati lile lile.

Mwaka huu, shule zikikaribia kufunguliwa, mwenyekiti wa kamati ya wazazi alimleta binti wa marehemu kaka yake, yatima wa miaka tisa aliyekuwa akiishi kwake. Mwenyekiti huyo ndiye aliyempa Mama Futi kazi ya sare.

"Shikamoo, bibi," mtoto alisema, sauti haisikiki vizuri.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyoosha mikono."

Fundi akampima kifua, akaandika daftarini. Akafunua ukurasa wa mwaka jana, akapima tena. Urefu umeongezeka, kifua kimepungua inchi mbili. Aliposhusha kola apime mgongo, akaona alama za waya, nyingine zimekauka, nyingine bado mbichi.

"Mbona amekonda hivi, mwenyekiti?"

"Huyu? Anachagua chakula. Halafu mtundu, we acha tu! Bila fimbo hasikii. Mshonee kubwa kubwa, fundi, atajaa."

Mtoto alikuwa anatazama sakafu. Mama Futi akasema sare zitakuwa tayari Ijumaa, akawasindikiza hadi mlangoni, kisha akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii na daftari kwapani.

Afisa aliyemkuta alikuwa kijana. "Mama, huyo mwenyekiti tunakaa naye vikao vya ulinzi wa watoto. Una hakika?"

"Mwanangu, mimi sina elimu ya kubishana na wewe. Hii namba ya mwaka jana, hii ya leo. Na mgongo nimeuona kwa macho yangu."

Afisa alisoma, akajikuna kichwa. "Basi tumwandikie barua, aje ajieleze."

"Akiipata barua, atakayeumia ni mtoto. Mimi sitoki hapa mpaka twende wote."

Akakaa kwenye benchi, kweli hakutoka. Saa tisa afisa alimpigia simu askari mwanamke wa dawati la watoto, wakaongozana.

Walimkuta binti nyumbani kwa mwenyekiti, katika stoo ya mkaa, mlango umefungwa kwa nje. Askari alipomuuliza kuhusu alama, alijibu, "Nilianguka." Mama Futi akamshika mkono, wakampeleka kutibiwa. Ni hospitalini tu, daktari alipomhakikishia kwamba baba mdogo hayupo hata kwenye korido, ndipo mtoto alipoanza kusema, na alisema hadi jua likazama.

Mwenyekiti alikamatwa, akapata dhamana, na kesi ikawa ya kuahirishwa kila mara. Kazi ya sare akapewa fundi mwingine. Majirani walipita upande wa pili wa barabara, isipokuwa mmoja aliyekuja kunong'ona, "Hata sisi tulikuwa tunamsikia akilia."

"Mlimsikia?"

"Ndiyo, lakini mambo ya nyumba za watu, dada..."

Mama Futi akamkumbuka yule mvulana wa mkono uliovimba. Aliinamia cherehani yake, akaendelea kutia viraka.

Binti alichukuliwa na mama yake mkubwa, mji mwingine. Baada ya miezi minne Mama Futi alikwenda kumwona. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, ila alipomwona tu, alijificha nyuma ya mama mkubwa.

"Umekuja naye?" aliuliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Niko peke yangu."

Mtoto hakuamini. Alitoka hadi getini, akachungulia barabara huku na huku, akarudi akafunga mlango kwa komeo. Kisha akakaa mbali na mgeni, karibu na dirisha, akitazama barabara mpaka Mama Futi alipoaga.