Vidole Viwili Shingoni

Dada yangu aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Daktari aliyemwambia hakuligusa tumbo lenyewe. Alimuuliza kama anapenda pilipili, akamwandikia dawa, kisha akasema, "Usiwe na wasiwasi, dada, utapona." Miezi minane baadaye tulimzika kijijini kwetu Iyula, karibu na mibuni ya baba. Ilikuwa saratani. Yule daktari nasikia alihamishwa. Sijui kama aliwahi kujua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduma. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilikuwa nashona sare za kwaya, moyo ukaruka. Ulisita kidogo, halafu ukapiga kwa nguvu hadi kooni. Nikaacha kitambaa kwenye sindano nikaenda hospitali.

Niliyemkuta huko alikuwa daktari kijana, mpole, siwezi kumsingizia. Alinilaza, akanibandika nyaya kifuani, akaisoma karatasi yangu mara mbili.

"Mama, moyo wako mzima kabisa. Ni wasiwasi tu."

Laiti angetumia neno lingine. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba nakufa.

Nikapima Vwawa, nikapima Mbeya. Nikavuka hata mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, ambako daktari alinieleza kwa Kiingereza na Kibemba, akamalizia kwa kuninyooshea dole gumba. Nikarudi nikipenya kati ya malori, nikijiambia kwamba hakunielewa. Kila aliyesema sina kitu nilimwona ni mzembe. Nilikuwa nikishona mshono mmoja, nasimama, naweka vidole viwili shingoni, nahesabu mapigo. Wateja walizoea. Wengine walihamia kwa mafundi wengine.

Mume wangu ni dereva wa malori. Siku moja alirudi safari akanikuta nimepanga karatasi za vipimo mezani, chakula hakuna.

"Unataka nani akwambie unakufa ndipo utulie?" akauliza.

"Dada naye aliambiwa atulie."

Alikwenda jikoni akapika mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena naendeleaje, nami nilimchukia kwa hilo, ingawa alipokuwa akiniuliza nilimchukia pia.

Kisha mwalimu wa binti yetu akanipigia simu. Binti ana miaka tisa, yuko darasa la nne.

"Mama, njoo umwone mwanao. Amekataa kukimbia na wenzake. Anasema moyo wake utasimama."

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za darasa, wenzake wakipiga kelele uwanjani. Vidole viwili alikuwa ameviweka shingoni, mahali pale pale ninapoviweka mimi. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Subiri, mama," aliniambia. "Utanipotezea hesabu."

Nikampeleka kwa yule daktari kijana. Alimsikiliza kifua, akamwambia arukeruke pale chumbani, akamsikiliza tena. "Mtoto mzima huyu. Akacheze." Binti hakumtazama daktari. Alinigeukia mimi.

"Mama, ni kweli?"

Miaka miwili mizima nilikuwa nimebishana na kila mtu mwenye koti jeupe. Sasa nilitakiwa nimtetee mmoja wao mbele ya mtoto aliyenisikia nikiwatukana wote mezani.

"Ni kweli," nikasema.

"Lakini ulisema huwa wanadanganya."

Daktari alijifanya anaandika. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu, walau ningepata wa kumkasirikia. Dada yangu alidanganywa, hilo sitalisamehe kamwe. Lakini mtoto huyu hakudanganywa na daktari yeyote. Alifundishwa na mimi, nyumbani, kila siku, hata pale ambapo sikufungua mdomo.

Karatasi za vipimo nilizichoma jikoni. Hofu haikuungua. Moyo bado unaruka, bado siamini kwamba ni mzima, ila sasa nikiwa mbele ya binti mikono naishughulisha na kitambaa. Mume wangu aliona, akasema nimepona. Sikumsahihisha.

Juzi nilimwita binti aje kula, akachelewa. Nilimkuta nyuma ya mlango wa chumba chake, uso ukutani, vidole shingoni. Aliponiona alishusha mkono haraka.

"Nilikuwa najikuna tu, mama," akasema, akanipita kwenda mezani.