Mkimbiaji Asiyekwenda Mbali na Dirisha

Alfajiri bado ni nyeusi, lakini chumba cha mwisho katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa hospitali kinawaka taa. Mzee wa miaka sitini na minne anafungua dirisha, anasogeza kiti karibu nalo, anamkalisha mkewe na kumfunika mabega kwa khanga. Anamshikisha kikombe cha chai na kusubiri mpaka vidole vyake vikaze. Ndipo anatoka nje na kufunga kamba za viatu.

Haendi barabarani. Anakimbia kando ya ukuta, anapita mbele ya milango ya majirani, anakata kona penye bomba la maji, anarudi kwa nyuma akiinama chini ya kamba za kuanikia nguo, kisha anatokea tena chini ya dirisha.

“Nipo,” anasema bila kusimama.

“Nakuona,” mkewe anajibu kutoka ndani.

Anapotea tena. Zinasikika nyayo zake tu, moja nzito, moja nyepesi, kwa sababu nyonga ya kushoto inamsumbua. Mtu anakohoa katika chumba cha jirani. Mlango unafunguliwa, maji ya kunawia uso yanamwagwa nje, na mzee anayaruka kama aliyeyategemea.

“Nipo.”

“Nakuona.”

Majirani wanamwita Mzee Pia, kwa kile kidude cha watoto kinachozungushwa kwa kamba hadi kichoke chenyewe. Jina hilo alipewa na mshona nguo wa mlango wa tatu, mwanamke asiyejua kunyamaza, na mwenyewe amelipokea.

“Pia ikisimama inaanguka,” anasema. “Bora niendelee.”

Mchana Mzee Pia anapiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake. Anasimama kutwa mbele ya mashine ya mvuke, anatandaza shuka, anashusha kifuniko, ananyanyua, anakunja. Mikono yake ina alama za kuungua kuanzia kiwiko hadi kidole, nyingine za zamani kiasi kwamba hakumbuki zilivyompata. Mshahara, anasema, humwishia ukiwa bado una joto la mkono wa mhasibu. Sehemu kubwa inakwenda kwenye dawa za mkewe.

Mzee akiwa kazini, mkewe hukaa barazani kwa mshona nguo. Huyo humpa kapu la vipande vya vitambaa avichambue kwa rangi. Jioni mshona nguo huvichanganya upya, ili kesho pawe na kazi.

“Ni mfanyakazi wangu mzuri,” mshona nguo anasema. “Haombi likizo na hanisengenyi.”

*

Zamani Mzee Pia alikimbia kama wakimbiaji wengine. Alitoka kabla ya jua, akapanda hadi kwenye matangi ya maji juu ya kilima, akashuka kwa njia ya soko. Mji huu hufanya mbio kila sikukuu ya taifa, na kwa miaka mingi hakukosa hata moja. Hakuwahi kuwashinda vijana. Anakumbuka mwaka mmoja alipofika uwanjani akakuta waliotangulia wameshaoga, wameshakula, mmoja amelala.

Alipotimiza miaka hamsini akaingizwa kundi la wazee, na hapo zawadi zikaanza kuja. Chini ya kitanda chake zimepangwa ndoo za plastiki zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, na juu ya kabati kuna mablanketi ambayo hayajafunguliwa.

“Ukiniuliza nimeshinda nini maishani, nitakwambia ndoo,” anasema.

Mkewe hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa mpishi wa shule, mnene, mwenye sauti. Siku za sikukuu alisimama mwisho wa mbio akiwa ameshika ndala na shati kavu la mumewe, akimwambia kila aliyesimama karibu, “Yule anayechechemea pale ni wangu. Msimcheke, anakuja.”

Kusahau kulianza na chumvi. Aliitia mchuzini mara mbili, halafu siku nyingine hakuitia kabisa, na wanafunzi wakacheka. Shule ikampumzisha. Kisha asubuhi moja Mzee Pia aliporudi kutoka matangini akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Mkewe alipatikana sokoni akiwa na gauni la kulalia, akiwauliza wachuuzi, “Mmemwona mtu anakimbia?”

Daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha. Ugonjwa huu hurudi nyuma kwenye hadithi tu, alisema, si hospitalini.

Mzee Pia aliacha kwenda matangini, lakini hakuacha kukimbia. Aligundua jambo ambalo daktari hakumwambia. Akiwa amekaa kando ya mkewe, mara nyingi mama huyo hamjui. Humwita “mzee wangu” kwa adabu, kama abiria aliyekaa naye kiti kimoja, na humuuliza kama ametoka mbali. Lakini akimwona anapita dirishani anakimbia, anamjua papo hapo. Huyo ndiye mume wake.

“Yaani mimi niliyekaa ni mgeni,” anasema. “Mume ni yule wa nje.”

Akaanza kuzunguka. Mwanzoni alizizunguka nyumba zote za wafanyakazi pamoja na uwanja wa watoto, na mkewe alimsubiri kwa utulivu hadi atokee tena. Baada ya muda subira ikapungua. Akichelewa kidogo, mama alisimama na kwenda mlangoni kumtafuta. Mzee akaacha uwanja wa watoto, akabaki na safu tatu za nyumba. Safu tatu zikawa mbili. Sasa imebaki moja. Mazoezi ya mkimbiaji huyu yamekuwa mafupi sawasawa na kumbukumbu ya mkewe, na wote wawili wamezidi kusogelea dirisha.

Mwelekeo nao ni uleule, nyumba ikiwa mkono wa kushoto. Aliwahi kugeuza ili kuipumzisha nyonga. Mkewe akaangusha kikombe na kulia, “Unakwenda wapi? Huko siko unakotokea.” Hakurudia tena. Kiatu chake cha kushoto kimelika ubavuni hadi kimelala kama mashua iliyoegeshwa.

Kuzunguka huko kumemharibia hata mbio za sikukuu. Barabara ikinyooka, miguu yake haijui. Huvutwa kushoto taratibu, bila yeye kuhisi, hadi anajikuta pembeni kwenye mchanga miongoni mwa watazamaji. Mwaka jana mlinda njia alimpigia kelele, “Mzee, kulia, kulia,” na mwanamke aliyekuwa anauza karanga akahamisha sinia lake haraka.

“Alidhani nataka karanga,” Mzee Pia anasema. Hacheki anapolisema, ingawa anajua kwamba linachekesha.

*

Siku hiyo ya mwaka jana ndiyo iliyoleta maneno ndani ya familia.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa mbali kidogo, alikuja kumwangalia mama ili baba akimbie. Alimkalisha dirishani kama alivyoelekezwa, akaingia jikoni kuosha vyombo. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Mama hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa anaizunguka nyumba. Alipita mbele ya milango, akakata kona ya bomba, akainama chini ya kamba za nguo, nyumba ikiwa mkono wake wa kushoto, akimfuata mtu ambaye hakuwepo. Majirani waliomwona walidhani ananyoosha miguu. Alikuwa ameshazunguka mara kadhaa alipoteleza penye bomba na kuangukia mferejini. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Uwanjani, Mzee Pia alikuwa amefika wa tatu katika kundi la wazee. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa zawadi na blanketi begani wakati mshona nguo alipofika akihema.

“Shemeji, acha hilo blanketi, twende,” alimwambia.

Hakuliacha. Alikimbia nalo hadi hospitali, na ndilo alilomfunika mkewe.

Tangu siku hiyo binti amekuwa akiomba amchukue mama. Nyumba yake ina ukuta na geti, na mama mkwe wake mstaafu anashinda nyumbani. Baba alikataa. Hoja yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa nzito: mama hawezi kuishi mahali asipomwona mume wake akipita. Atamtafuta hadi apotee. Binti, ambaye alisikia kwa majirani jinsi mama yake alivyoizunguka nyumba, kila mara alirudi kwake peke yake.

Wiki hii hoja hiyo imekufa, na aliyeishuhudia ikifa ni mzee peke yake.

Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, ameshika bomba la maji, akisubiri maumivu ya nyonga yapungue. Hakuwa amepita dirishani. Hakuna mtu aliyekuwa amepita. Akasikia sauti ya mkewe kutoka mbele, tulivu kabisa.

“Nakuona.”

Akadhani kuna mtu. Akachungulia. Uwanja ulikuwa mtupu. Baada ya kitambo, tena: “Nakuona.” Kesho yake alisimama makusudi palepale, na ikawa vilevile. Siku ya tatu alirudi ndani, akaketi kando ya mkewe, akamsikia akiliambia dirisha tupu kwamba analiona.

“Sikumwambia mtu,” anasema. “Niliendelea kuzunguka. Nilijiambia, kama hakuna anayejua, basi halijatokea.”

*

Jumapili binti anakuja. Anaamkia, anapokea marahaba, anaweka mfuko wa machungwa mezani. Mama yuko kitini na kapu lake la vitambaa, amepewa kazi hata siku ya mapumziko. Anamtazama mgeni kwa ukarimu.

“Karibu, mwanangu. Keti. Mume wangu yuko mazoezini, atatokea sasa hivi.”

Mume wake ameketi mkono wake wa kulia, amemshikia kapu.

“Nitamsubiri, mama,” binti anasema.

Mshona nguo ameegemea mlango, sindano mdomoni. Yeye na binti wanatazamana.

“Baba, sikuja kugombana,” binti anaanza. “Sikukuu inakaribia. Mwaka jana nilikuwa hapa, jikoni, hatua chache tu. Sitaki kupigiwa simu nyingine.”

“Najua.”

“Wewe mwenyewe mguu huo. Ukianguka wewe, nani atajua kwamba mama yuko peke yake?”

“Mimi nitajua,” mshona nguo anasema. “Nyinyi mnazungumza kama vile ukuta huu una watu upande mmoja tu.”

“Sijakudharau, mama mdogo.”

“Nimesema tu.”

Mzee anaweka kapu chini. Angeweza kunyamaza. Binti amekuja na maombi yaleyale, na jibu lilelile lingetosha kumrudisha kwenye basi. Anachukua kitambaa chekundu kilichoanguka, anakikunja kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, hadi kinakuwa kidogo kisichokunjika tena.

“Mama yako ananiona hata nisipopita,” anasema.

“Sijakuelewa, baba.”

“Anasema nakuona, na mimi niko nyuma ya nyumba. Nimejaribu siku tatu. Nimekaa hapa hapa ubavuni mwake, naye anaitikia dirisha.” Anakohoa. “Kwa hiyo lile nililokuwa nakwambia, halipo tena. Anaweza kwenda.”

Binti alikuja akitaka kuyasikia maneno hayo. Sasa ameyasikia, anajifunika uso kwa viganja. Mama anaacha vitambaa, anamwegemea na kumpapasa mgongo.

“Usilie, mwanangu. Ni mkimbiaji, lakini hurudi.”

Mshona nguo anatoa sindano mdomoni na kutoka nje. Cherehani yake haisikiki.

*

Wamekubaliana. Mama ataondoka wiki moja kabla ya sikukuu, binti akiwa na nafasi. Mzee Pia atabaki na kazi yake ya mashuka hadi atakapostaafu, kwa kuwa dawa hazijui nani anaishi wapi. Mbio za mwaka huu hajajiandikisha. Msimamizi wa kundi la wazee alikuja hadi chumba cha kufulia kumuuliza sababu, akaambiwa nyonga. Ni kweli, lakini si ukweli wote.

Siku ya mapumziko yake alipanda basi kwenda kuikagua nyumba ya binti. Aliizunguka kwa macho na kukuta haizungukiki, maana imebanana na ya jirani pande mbili. Dirisha la chumba atakacholala mama linatazama geti la nondo, na mbele ya geti kuna barabara ya vumbi iliyonyooka kutoka kwenye duka hadi kwenye mti mmoja mkavu. Alisimama chumbani, akaketi kitandani, akalitazama dirisha kwa kimo cha mtu aliyekaa. Kisha akamwomba binti akate tawi moja la mti wa uani lililoliziba dirisha.

Mpango wake ni huu. Kila sikukuu, watu wa mji wake watakapokuwa wanajipanga uwanjani, yeye atashuka kwenye basi mapema, atavaa viatu vyake dukani, na atakimbia barabara ile kwenda na kurudi mbele ya geti mpaka achoke. Ameanza kujifunza upya kunyoosha mwendo. Jioni baada ya kazi huenda kwenye korido ndefu ya hospitali, wagonjwa wakiwa wamelala, akatembea juu ya mstari wa vigae asiuache.

Mshona nguo, ambaye maswali yake hayana mlango, alimuuliza itakuwaje akifika huko na mkewe asimjue hata akikimbia.

“Basi ataona kizee kinahangaika na mguu mmoja, atacheka,” Mzee Pia alimjibu. “Siku ya kwanza kabisa aliponiona nakimbia, hakunijua pia. Alikuwa amesimama na wenzake mlangoni pa jiko la shule. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikarudi kesho yake, nikapita tena.”