Nani Kakutuma, Fundi Anayehoji Programu Iliyozirai

Saa mbili na robo asubuhi, mashine ya kuchapa lebo kwenye benki ya damu inanyamaza katikati ya kazi. Muuguzi aliyeshika mfuko wa damu anageukia chumba cha pili na kusema bila haraka, "Nani Kakutuma, mashine imelala tena."

Mwanamke wa miaka arobaini na mbili anatabasamu, kama aliyebishiwa hodi na mgeni aliyemngoja. Ndiye mtunza kompyuta wa hospitali hii, na jina hilo la utani kalipata kwa haki.

Leo ni Alhamisi. Mkuu wa maabara amempa hadi kesho. Programu inayoendesha mashine hiyo, aliyoiandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita, hukwama mara kumi na moja kwa siku, sekunde arobaini kila mara, na isipopona watarudi kuandika kwa mkono kwenye madaftari.

"Nilishaanza kuyaota hayo madaftari," anasema. "Miaka mitatu ya jasho langu, halafu ipigwe teke hivihivi? Iliniuma."

Shida ni kwamba programu iliyokwama haijibu swali, sawa na mtu aliyezirai. Kwa hiyo ameweka mtego ndani ya kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya ndani kabisa inayozigawia programu zote zamu. Programu ikisimama, mtego hunakili orodha: kipande kilichosimama kiliitwa na kipi, na hicho nacho kiliitwa na kipi, mpaka mwanzo wa safari.

Anadai hakuyajifunza hayo chuoni. Alizaliwa nyumba ya watoto tisa.

"Mama akikukuta na sukari mkononi, hachapi. Anauliza, nani kakutuma? Unamtaja kaka. Kaka anaitwa: na wewe nani kakutuma? Siku moja tulipita watu sita, kesi ikaishia kwa baba."

Jumatatu na Jumanne orodha zilikatika njiani. Alipoiunda programu, alizifuta alama za kurudia njia, zinazoonyesha kipi kiliita kipi, ili iende mbio. "Haraka haraka haina baraka, nami nilijua," anakiri. Jana kaiunda upya, alama zikiwamo.

Sasa mistari kumi na minne imejipanga kwenye skrini, mizima. Anaifuata kwa kidole. Kidole kinasimama. Kisha anacheka mpaka anashika meza.

Mstari wa mwisho ni kijikazi alichokiongeza mwenyewe zamani, kama tahadhari, cha kuchunguza kama programu inakwama. Kila kikiamka, hulikalia faili la kumbukumbu, lililonenepa mwaka hadi mwaka, na kulisoma lote, na kazi nyingine zote hungoja.

Mkuu wa maabara anakuja kuona kunani, anaelezwa. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," anasema, naye anaangua kicheko.

Marekebisho yanachukua dakika ishirini. Mpaka saa saba mchana mashine haijanyamaza hata mara moja, na muuguzi anaimba huku akibandika lebo. Habari ya madaftari imekufa.

Mwezi ujao fundi anataka kuupeleka mtego wake kwenye hospitali nyingine nne zinazotumia programu hiyohiyo. Lakini kwanza anampigia simu mama yake, mwenye miaka sabini na minane, na kumsimulia yote.

"Kwa hiyo mkosaji ni wewe," mama anasema.

"Ni mimi, mama."

"Na wewe nani kakutuma?"

Fundi anajifuta machozi ya kicheko. "Wewe, mama."

Mama naye anacheka. "Kweli nilikutuma," anasema. "Na umefika."