Kilio cha Nang Doring

Mpaka leo ukimtajia Nang Doring neno filamu, atakishindilia kisu kwenye gogo la nyama na kukuuliza kama umekuja kula au umekuja kutafuta maneno. Nang ni dada mkubwa, na soko zima la La Paz, mji wetu ulio mbali na Manila, humwita hivyo. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anauza batchoy, supu ya tambi na maini, pale pale. Mimi nauza vitunguu mbele yake, na nyumbani tumetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba.

Aliyemwingiza kwenye filamu ni Elmo Salcedo, mpiga video wa harusi aliyechoka na maharusi. Alikuwa na kamera ya kuazima na kichekesho kisicho na kichwa wala miguu: marehemu anagombea uenyekiti wa mtaa, mazishi yanakuja kabla ya kifo, mbuzi anasoma taarifa ya habari. Nang Doring alikuwa mjane wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kuosha bakuli moja tangu mwanzo hadi mwisho.

"Sasa hili bakuli linatakata lini?" aliuliza.

"Usiulize, Nang. Wewe osha tu."

Tulicheka sana siku zile. Siku ya tisa simu yake ikalia katikati ya kazi. Badong, mdogo wake wa mwisho, fundi wa kuchomelea vyuma huko Saudia, alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo. Amekufa. Nang Doring aliketi chini kando ya masufuria akalia, bakuli bado mkononi. Elmo alimletea maji, akamwambia pole, akamsindikiza nyumbani. Kumbe kamera hakuizima.

Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa wetu, Jumapili usiku. Nang Doring alivaa gauni la kanisani. Mbuzi aliposoma habari, watu walishika mbavu. Halafu akatokea yeye, chini, analia kilio kile, na juu yake Elmo amebandika sauti ya kuku anayetaga. Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata mimi nilianza kucheka kabla sijaelewa ninachokiona. Nilipogeuka, kiti chake kilikuwa kitupu.

Kesho yake alimfuata Elmo kwake. "Kitoe kile."

"Nang, ndicho kipande watu wanachokipenda kuliko vyote! Hakuna anayekucheka wewe. Filamu nzima haina maana, kila kitu ni mzaha."

"Mdogo wangu ni mzaha?"

Wiki mbili baadaye Elmo aliionyesha tena, kwenye ukumbi wa chuo, umejaa wanafunzi. Nang Doring alikuja na aproni yake. Kuku alipoanza tu, alipanda jukwaani akasimama mbele ya picha, uso wake mkubwa ukilia juu ya mwili wake mdogo.

"Acheni kucheka! Ninayemlilia pale ni Badong Palmares, ndugu yangu, tumbo moja!"

Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya filamu! Kadiri alivyopaza sauti ndivyo walivyopiga vigelegele, mmoja akasema mwigizaji huyu ni hatari. Nikamtafuta Elmo kwa macho, nikidhani anakimbilia kuzima. Alikuwa ameinua simu, anamrekodi.

Nang Doring alimwona. Alishuka, akampokonya simu, akaitia kifuani. "Utaipata kibandani kwangu. Uje na mashine yako ya kukatia."

Alikuja asubuhi, kompyuta kwapani, macho mekundu. Nang Doring alisukuma maini kando, akampa nafasi ya kukaa.

"Nang, bila kipande hiki filamu haina roho."

"Roho ilikuwa ya Badong. Kata."

Akakata. Nang Doring akamlazimisha afute na picha zenyewe za siku ile, kisha ile ya kwenye simu, amesimama nyuma yake na kisu ambacho hakijaoshwa. Elmo alikuwa analia kimyakimya.

"Lia," akamwambia. "Sikurekodi."

Tamasha la filamu la Manila, alikokuwa ameipeleka, liliikataa. Elmo alikuja kumweleza, nadhani alitaka aonewe huruma. Nang Doring alimwekea bakuli mezani, akasema, "Vizuri," akaendelea kukatakata. Wapo sokoni waliosema ana roho ya jiwe, kijana wa watu kaharibiwa bahati. Aliwasikia. Akawaambia watoe kwanza maiti wao wapigiwe sauti ya kuku, ndipo warudi wamfundishe huruma.

Jeneza la Badong lilifika Januari. Baada ya mazishi Nang Doring alifunga mlango wake kwa komeo. Nilimsikia kupitia mbao zile, kilio kilekile. Nikawasha redio, nikaipandisha sauti, nisisikie.